Namoratunga na nguzo za mawe za Turkana: maswali ninayoulizwa kila mara

Nimefika Kalokol, huko Turkana kaskazini mwa Kenya, mara tatu sasa, na kila nikirudi maswali ni yale yale. Nimeulizwa na wanangu, na walimu wenzangu, na dereva aliyetupeleka, na shangazi yangu ambaye hapendi kabisa habari za makaburi lakini ndiye anayeuliza kuliko wote. Basi nimeyakusanya hapa. Mengine nimejibu kwa urefu manake yanahitaji urefu, mengine jibu lake ni sentensi mbili tu, yanatosha.

Namoratunga ni nini hasa?

Ni jina la Kiturkana, maana yake watu wa mawe. Watu wengi wakisema Namoratunga wanamaanisha zile nguzo zilizo kando ya barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Pale kuna nguzo 19 za jiwe jeusi la basalti zimesimama, nyingine zimeinama, zimebanana mahali pamoja na chini yake kuna duara la mawe madogo. Ukipita na gari kwa kasi unaweza kuzikosa kabisa, ukidhani ni visiki vya miti iliyoungua.

Sasa, jina hilo limewachanganya watu. Kuna mahali pengine panaitwa Namoratunga huko Lokori, kusini zaidi, kwenye bonde la Kerio, nako kuna makaburi yaliyozungushiwa mawe na kuchorwa alama zinazofanana na zile wafugaji wanazochoma mifugo yao. Hayo ni ya watu wa baadaye sana, ni habari nyingine. Mimi hapa naongelea zile za zamani zaidi, zile ambazo wataalamu wanaziita maeneo ya nguzo, na yako angalau 6 kuzunguka ziwa. Upande wa magharibi kuna Kalokol, Lothagam North, Lothagam West na Manemanya, upande wa mashariki kuna Jarigole karibu na Allia Bay, na Il Lokeridede.

Zina miaka mingapi?

Lothagam North, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo iliyochunguzwa vizuri zaidi, ilianza kujengwa karibu miaka 5,000 iliyopita na watu wakaendelea kuitumia mpaka kama miaka 4,300 iliyopita. Hebu tulia uwaze hapo. Hatuongelei ujenzi wa msimu mmoja, tunaongelea mahali ambapo babu alizika, mjukuu akazika, kitukuu akazika, karne juu ya karne, na wote walijua utaratibu ni upi.

Mbona zinaitwa za Zama Mpya za Mawe wakati shuleni tulifundishwa hizo zama ni za kilimo?

Tulifundishwa hivyo kwa sababu vitabu vilifuata historia ya Ulaya na Mashariki ya Kati, ambako watu walianza kupanda ngano kwanza. Kwetu mambo yalienda kivyake. Afrika Mashariki ufugaji ulitangulia kilimo, tena kwa muda mrefu. Watu waliojenga nguzo hizi walikuwa na ng'ombe, kondoo na mbuzi, walikuwa na vyungu, zana zao zilikuwa za mawe, chuma hakikuwepo, na shamba hawakuwa nalo. Walivua samaki pia, sio kwamba ukishapata ng'ombe unaacha samaki. Ngamia unaowaona Turkana leo walikuja baadaye sana.

Vyungu vyao vina jina, vinaitwa vya Nderit, kwa sababu vya kwanza kutambuliwa vilitoka Nderit huko karibu na Nakuru. Ukiangalia kigae kimoja utaona kimechomwachomwa vijitundu na mistari mpaka kinafanana na kikapu kilichosukwa, na uzuri wake ni kwamba mara nyingine wamepamba hadi upande wa ndani, mahali ambapo chakula kinakaa. Aliyefanya kazi hiyo hakuwa na haraka.

Ni Waturkana waliojenga?

Hapana, na Waturkana wenyewe watakuambia waliyakuta. Wao walitokea upande wa Karamoja, ambayo leo ni Uganda, na wamekaa pale kwa karne chache tu. Waliojenga ni wafugaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki. Vipimo vya vinasaba vya mifupa ya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania vinaonyesha mchanganyiko, kuna asili ya kaskazini mashariki mwa Afrika, upande wa Sudan, na kuna asili ya wawindaji waliokuwa huku tangu zamani. Kwa hiyo walikuwa wageni waliochanganyika na wenyeji, wakazaa, wakawa kitu kimoja.

Lakini kuna kitu lazima nikiseme. Ukiniuliza ni nani anayezitunza leo, jibu ni Waturkana. Miaka yote hii hawakuzing'oa kujengea maboma.

Chini ya nguzo kuna nini?

Hapa ndipo penyewe. Kwa miaka mingi watu walizipiga nguzo picha wakaondoka, kumbe habari yenyewe iko chini ya miguu yao.

Lothagam North ilichimbwa na timu ya Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo na Elizabeth Sawchuk, wakiwa pamoja na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kama Purity Kiura na Emmanuel Ndiema, na matokeo makubwa yalitoka mwaka 2018. Walichokikuta ni hiki. Kuna jukwaa la duara lenye upana wa kama mita 30, yaani karibu nusu ya upana wa uwanja wa mpira, limezungushiwa mawe makubwa. Ndani ya jukwaa, katikati, wale watu wa kale walikuwa wameondoa mchanga wote wa ufuoni mpaka wakafika kwenye mwamba, eneo la kama mita za mraba 120. Hiyo ni nyumba nzima ya vyumba vitatu ya mjini. Waliondoa mchanga huo bila koleo la chuma, bila toroli. Alafu kwenye mwamba wenyewe, ambao ni laini kiasi, wakachimba mashimo ya makaburi, moja karibu na jingine, wakazika. Mashimo yalipojaa wakaendelea kuzika juu yake, tabaka juu ya tabaka.

Wanaakiolojia walichimba sehemu ndogo tu, na sehemu iliyobaki wakaipima na rada ya kupenya ardhini ili kujua shimo linaishia wapi. Wakipiga hesabu kwa jinsi watu walivyobanana kwenye ile sehemu iliyochimbwa, wanapata watu wasiopungua 580. Mia tano na themanini, na hiyo ni hesabu ya chini!

Mwishoni kabisa shimo lilipojaa walilifunika lote kwa mawe, ndipo nguzo zikasimama juu. Kwa hiyo ile nguzo unayoiona ni kama muhuri, au kama jiwe tunaloliweka kichwani pa kaburi tukishamaliza kufukia, ila hili ni la ukoo mzima na koo jirani.

Walizikwa na vitu gani?

Swali hili nalipenda kuliko yote.

Shanga, kwanza. Shanga za maganda ya mayai ya mbuni, zile nyeupe ndogo duara ambazo mpaka leo zinatengenezwa, na shanga za mawe ya rangi, kijani cha bluu cha jiwe la amazonaiti, nyekundu, waridi, za kila namna. Kuna pete na vikuku vilivyochongwa kwa meno ya kiboko. Na hazikuwa za mtu mmoja wawili, karibu kila aliyezikwa alikuwa na pambo lake.

Alafu kuna mmoja ambaye mimi simsahau. Kichwani alikuwa na kitu, labda kofia au kilemba cha ngozi, chenyewe kimeshaoza zamani, kilichobaki ni meno yaliyokuwa yameshonewa juu yake kwa mistari. Meno ya panya wadogo wa jangwani, yale ya mbele, zaidi ya 400, kutoka kwa panya zaidi ya 100. Jino la panya yule unalijua ukubwa wake? Ni kama punje ya mchele iliyopinda. Sasa fikiria mtu anakaa kivulini anawatega panya mmoja mmoja, anang'oa meno, anayasafisha, anayapanga yote yaelekee upande mmoja, anayashona. Hiyo ni miezi. Sidhani kama ilikuwa kazi ya mtu mmoja, mimi naona watoto wakitumwa kutega, mabibi wakishona, na siku aliyekivaa alipofariki hakuna aliyesema kivueni tumpe mwingine. Alizikwa nacho.

Aliyekuwa na hicho kilemba ndiye alikuwa mfalme wao?

Kila mtu anauliza hivyo, na naelewa kwa nini, tumezoea kwamba pakiwa na jengo kubwa lazima kulikuwa na mkubwa aliyeamrisha na watumwa waliobeba. Piramidi zimetuzoesha hivyo.

Lothagam North inakataa hiyo hadithi. Pale wamezikwa wanaume na wanawake, wazee, vijana, watoto, hadi wachanga, wote ndani ya shimo moja, na mapambo yamegawanyika kwa wote. Hakuna chumba cha pekee cha mtu fulani. Hakuna kona ya matajiri. Hakuna kaburi lililojazwa mali wakati majirani wake wamelala mikono mitupu. Wataalamu waliosoma ile mifupa wamesema wazi kwamba hakuna dalili ya matabaka. Yaani watu wasio na mfalme, wasio na mji, wanaohamahama na mifugo, waliweza kupanga kazi kubwa ya vizazi na vizazi na kuimaliza, na walipozika hawakumtenga mtu.

Mimi nimefundisha historia miaka mingi, na sijawahi kukutana na kitu kilichonibadilisha mawazo kama hiki. Mtoto wa miezi michache, mama yake alimvalisha shanga, akalazwa palepale walipolazwa wazee.

Basi nguzo na miduara vilikuwa vya ibada gani?

Maneno ya sala zao hatunayo, hawakuandika. Tulichonacho ni matendo, na matendo yanaongea.

Tendo la kwanza ni kuchagua mahali. Jukwaa lilijengwa juu ya mchanga wa ufuo wa zamani, ziwa lilipokuwa limeanza kurudi nyuma. Tendo la pili ni kubeba. Nguzo za Lothagam hazikuwepo pale, zilitolewa kwenye miamba iliyo umbali wa kama kilomita moja na jiwe la basalti ni zito, ukijaribu kuinua kipande cha urefu wa mkono tu utajua. La tatu ni kukutana. Wafugaji hawakai kundi kubwa mahali pamoja, malisho hayatoshi, kwa hiyo mwaka mwingi kila boma liko kivyake. Ili watu wapatikane wa kubeba nguzo na kuzika kwa utaratibu mmoja, lazima kulikuwa na siku za kukusanyika, na watu wakikusanyika kuna kula, kuna kuposa, kuna kupatanisha ugomvi, kuna kupeana habari mvua imenyesha wapi. Vigae vya vyungu vilivyojaa kwenye maeneo haya, hasa Jarigole, vinaonyesha watu hawakuja mikono mitupu. Jarigole wameonekana pia vinyago vidogo vya udongo vya wanyama.

Alafu baada ya jukwaa kufungwa, upande wa mashariki wa Lothagam North waliongeza miduara 9 ya mawe na marundo 6 ya mawe. Mashariki, jua linakotoka. Mimi nina mawazo yangu kuhusu hilo ila ni mawazo yangu tu, siwezi kuyafundisha darasani.

Ukitaka kuielewa ibada ya aina hii usiende mbali. Fikiria matanga ya kijijini kwenu. Watu wametoka Mombasa, wametoka Nairobi, wengine hawajaonana miaka, wanakutana kwa sababu ya marehemu, wanachimba kwa zamu, wanapika kwa zamu, na wakiondoka kila mmoja anajua yeye ni wa nani. Kwa namna ninavyoliona mimi, kazi ya zile nguzo ilikuwa hiyo.

Ni kweli nguzo zimepangwa kufuata nyota?

Hii imetoka kwa utafiti wa mwaka 1978. Watafiti wawili, Lynch na Robbins, walipima nguzo 19 za Kalokol wakasema zimeelekezwa kwenye nyota 7 au makundi ya nyota ambayo Waborana wanayatumia kwa kalenda yao, kama vile Kilimia na nyota za Orioni na Siriusi. Kalenda ya Waborana ni kitu cha kweli na cha heshima, inafuata mwezi na nyota na haihangaiki na jua, na wataalamu wake mpaka leo wanakutajia siku bila kuangalia popote.

Shida ilikuja kwenye vipimo. Basalti ina sumaku ndani yake, ukiweka dira karibu na nguzo sindano inavutwa, kwa hiyo mwelekeo unaousoma si wa kweli. Robert Soper alirudia kupima mwaka 1982 akaonyesha tatizo hilo. Na kuna jambo la pili, wale wa 1978 walizikadiria nguzo kuwa za miaka kama 300 kabla ya Kristo, wakati sasa inaeleweka maeneo haya ya nguzo ni ya zamani zaidi ya hapo kwa maelfu ya miaka, na nyota nazo zinahama pole pole angani, kwa hiyo hesabu ya nyota ya enzi moja haiwezi kukaa kwenye enzi nyingine.

Mimi nilipoenda mara ya kwanza nilikuwa naamini kabisa hadithi ya nyota, nilikuwa nimeifundisha hata. Ilinibidi niiache, na iliniuma kidogo. Lakini sio kwamba wafugaji wa kale hawakuangalia nyota. Sisi wenyewe tuna msemo, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na mtu yeyote anayeishi kwa mvua lazima aangalie juu. Ila nguzo za Kalokol zenyewe hazijathibitisha hilo.

Na ile hadithi ya watu waliogeuka mawe?

Nilihadithiwa na mzee mmoja tukiwa tumekaa chini ya mti, na nimeisikia kwa wengine pia, inatofautiana kidogo kidogo. Zamani kulikuwa na ngoma, watu wanacheza, wamejipanga. Akaja shetani katikati yao, amevaa mavazi ya ajabu, akawaambia msinicheke. Wakamwangalia wakashindwa kujizuia, wakacheka. Palepale wakawa mawe, kila mmoja alivyosimama.

Ukifika uziangalie nguzo huku unaikumbuka hadithi hiyo utaona kwa nini imeshika. Nyingine ni fupi zimeinama mbele, nyingine zimenyooka, mbili zimeegemeana bega kwa bega. Kwa kweli zinakaa kama watu waliokuwa kwenye ngoma.

Mbona juu ya nguzo kuna vijiwe vidogo?

Vimewekwa na wapita njia. Mtu akipita anaokota kijiwe anakiweka juu ya nguzo. Tuliposhuka kwenye gari mara ya pili, kijana aliyekuwa ametuongoza alifanya hivyo kimya kimya kabla hajatuambia lolote, alichagua kijiwe cheupe, akakiweka juu ya nguzo ya pembeni, ndio akaanza maelezo. Sikumuuliza kwa nini. Miaka 5,000 imepita, lugha zimebadilika, watu wamebadilika, na bado mtu akifika hapo anaona hawezi kupita hivi hivi.

Nguzo zilichongwa na nani? Mbona zina pande sawasawa kama penseli?

Hazikuchongwa, zinazaliwa hivyo. Lava ikipoa inajikunja na kupasuka kama tope la bwawa lililokauka, ila nyufa zinashuka chini moja kwa moja na kuacha miti ya mawe yenye pande tano au sita. Kazi ya watu ilikuwa kuitenganisha kutoka kwenye mwamba, kuibeba na kuisimamisha. Ukipitisha kiganja kwenye ubavu wa nguzo unahisi ni laini mpaka ufike kwenye pembe, hapo ni kali. Saa sita mchana usiiguse, inaunguza.

Kwa nini waliamua kujenga wakati ule na sio mwingine?

Kwa sababu maisha yalikuwa yanapinduka. Maelfu ya miaka kabla ya hapo Sahara ilikuwa na nyasi na maziwa, na Ziwa Turkana lilikuwa kubwa mno, maji yake yalikuwa juu kwa zaidi ya mita 80 kuliko leo na yalikuwa yanamwagikia upande wa Mto Nile. Ukitembea jangwani huko leo, mbali kabisa na maji, unakanyaga magamba ya konokono wa ziwani na mifupa ya samaki. Wavuvi wa wakati huo walitumia chusa za mifupa, nazo zimeokotwa kwa wingi Lothagam.

Alafu mvua zikaanza kukatika. Kati ya kama miaka 5,300 na 3,900 iliyopita ziwa lilishuka zaidi ya mita 50. Mahali babu alipovua mjukuu anachunga. Wavuvi wanaona samaki wanaisha, na wakati huo huo kutoka kaskazini wanaingia watu na ng'ombe kwa sababu kwao kumekauka. Hiyo hali tunaijua, hata leo ukame ukikaza watu wanagongana kwenye kisima. Na hawa, badala ya kila mtu kulinda kisima chake, wakajenga mahali pa kuzika pamoja. Watafiti wanaona hivyo, kwamba katika kipindi ambacho hakuna anayejua kesho malisho yatakuwa wapi, mtu wa maana ni yule wa mbali anayekutambua kama ndugu, na undugu huo unahitaji mahali. Mto unahama, ufuo unahama, boma linahama. Nguzo haihami.

Mbona waliacha?

Ziwa lilifika mahali likatulia kiasi, watu wakawa wameshajua namna mpya ya kuishi kwa mifugo, na mikusanyiko ile haikuhitajika tena kwa namna ile. Hivyo ndivyo inavyoelezwa. Ninachokipenda ni kwamba hawakupatelekeza, walipafunga. Wafugaji baadaye walisambaa kusini, wakashuka Bonde la Ufa, na kama miaka 3,000 iliyopita tayari walikuwa Luxmanda, mkoa wa Manyara, Tanzania. Kule hawakusimamisha nguzo. Njoro River Cave huko karibu na Nakuru wafugaji wa baadaye walichoma maiti, kitu tofauti kabisa. Desturi ya nguzo ilibaki ya ziwani.

Ukilinganisha na Stonehenge ya Uingereza?

Ile mawe makubwa ya Stonehenge yalisimamishwa kama miaka 4,500 iliyopita, kwa hiyo Lothagam North ilikuwa tayari imeanza kutumika. Stonehenge nayo ilikuwa na makaburi, ya watu waliochomwa, na mawe yake yameelekezwa kwenye macheo ya kiangazi na machweo ya majira ya baridi, hilo limethibitishwa vizuri. Tofauti kubwa ni kwamba wajenzi wa kule walikuwa na utamaduni wa kilimo na ufugaji, wetu walikuwa wafugaji na wavuvi tu. Kama unatafuta duara la mawe la zamani zaidi Afrika, liko Nabta Playa, jangwa la kusini mwa Misri, na lenyewe lilijengwa na wafugaji pia, walikuwa wanazika hadi ng'ombe kwa heshima.

Sipendi sana mashindano ya nani alitangulia. Ila inaniuma mwanafunzi wa Kenya anapoijua Stonehenge kwa picha na hajawahi kusikia jina Lothagam.

Kuna majini?

Shangazi, hapana. Kuna nge, vaa viatu vilivyofungwa.

Naruhusiwa kuchukua kijiwe au shanga nikiokota?

Hapana. Hata kigae kimoja. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inalinda mali za kale na kuzichukua ni kosa, lakini achana na sheria kwanza. Yale ni makaburi. Kuna shanga niliiona juu ya mchanga, mvua ilikuwa imeifukua, ndogo kama punje ya mtama, ya kijani. Nilipiga magoti nikaiangalia mpaka macho yakachoka, nikaiacha palepale. Ukiichukua inakuwa shanga tu kwenye droo yako. Ikibaki pale, siku moja mtu atakayechimba atajua ilikuwa shingoni mwa nani.

Na tafadhali msipande juu ya nguzo kupiga picha, na msizinyooshe zilizoinama, mnadhani mnasaidia kumbe mnaharibu ushahidi.

Nikitaka kwenda niendeje?

Fika Lodwar kwanza, kwa ndege au kwa barabara kupitia Kitale. Kutoka Lodwar unashika barabara ya Kalokol na nguzo ziko kando ya njia kabla hujafika mjini Kalokol. Mtafute mwenyeji akuongoze, salimia watu kwanza, sema *ejoka*, lipa vizuri, na uliza kabla hujapiga mtu picha. Lothagam ni safari nyingine, iko ndani karibu na Mto Kerio, inataka gari la fobaifo, maji ya kutosha na ruhusa, usiende kwa kubahatisha.

Nenda alfajiri. Beba maji lita tano kwa kila mtu, sio utani. Jua likichomoza upande wa ziwani vivuli vya nguzo vinalala chini virefu vimeelekea magharibi, vinakuwa virefu kuliko nguzo zenyewe mara tatu nne, na kwa dakika chache kila moja, hata ile fupi iliyoinama ambayo mchana huioni, inakuwa na urefu wa mtu.